Mangi Anapanda Ngazi

Jumatatu, saa tisa alasiri, Bwana Bhupendra alishuka kutoka ghorofa ya kwanza, akasimama mbele ya duka la Rogath la vyombo vya plastiki, akasubiri. Alisubiri kwa sababu hakuna aliyemsikia akipiga hodi. Juu ya rundo la ndoo za bluu palikuwa na spika mpya, kubwa kama kabati la nguo za mtoto, na ndani ya spika hiyo alikuwamo Rogath mwenyewe, kwa sauti aliyoirekodi: "Beseni buku mbili! Njoo mama, njoo dada! Kontena limefunguliwa leo, kesho usinilaumu!" Kontena hilo lilikuwa likifunguliwa leo tangu mwezi wa tisa wa mwaka uliopita.

"Mangi," alisema Bwana Bhupendra, alipopata mwanya kati ya mabeseni na kontena.

Kariakoo, Mchaga yeyote mwenye duka huitwa Mangi, hata kama ukoo wake haujapata kutawala zizi la mbuzi. Rogath alilijua hilo. Hata hivyo, kila alipoitwa kwa jina hilo la machifu wa mlimani, mabega yake yalipanda kidogo.

"Sema, mzee wangu."

"Nimetumwa na mke wangu. Anaomba, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, wakati wa darasa, upunguze sauti. Wanafunzi hawasikii. Ni wiki tatu tu, mpaka mtihani."

Rogath alicheka, akawageukia wateja waliokuwa wakigonga mabeseni kwa vidole kupima ugumu wake. Mfanyabiashara akishapata watu watano wa kumsikiliza, huwa vigumu kwake kubaki mtu wa kawaida.

"Mnamsikia mzee? Mimi ninyamaze, yule wa ng'ambo mwenye spika mbili aendelee! Mwambie mama, anayetaka kimya aende maktaba. Hapa ni sokoni. Halafu, mzee wangu, samahani niulize: huko juu mume ni wewe au ni yeye? Maana naona kila siku unatumwa tu."

Wateja waliangua kicheko. Bwana Bhupendra alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alizaliwa katika jengo hilohilo, kabla halijapakwa rangi ya kampuni ya simu. Aliangalia viatu vyake, akasema, "Haya, asante," akapanda ngazi taratibu huku ameshika ukuta.

Rogath akaongeza sauti. Jambo ambalo hakulikumbuka, kwa ajili ya utamu wa ushindi, ni kwamba miongoni mwa wanafunzi saba waliokuwa huko juu wakishindwa kusikia, mmoja alikuwa binti yake wa kumzaa.

Alikumbushwa kesho yake jioni, mezani, nyumbani kwao Magomeni.

"Nimerudishwa," alisema Caroline. "Madam amesema Baba akishaomba radhi kwa mumewe, nami nirudi. Bila hivyo nisipande."

"Radhi ya nini?"

Mkewe, Elieshi, aliweka bakuli la nyama mezani bila kusema neno. Elieshi ni wa Machame, na wanaowajua wanawake wa Machame husema wakipiga kelele usiogope; ogopa wakinyamaza.

Hesabu ya jambo lenyewe ilikuwa fupi. Caroline alikuwa kidato cha sita, akitaka kusoma sheria. Historia alikuwa anaiweza, Kiswahili alikuwa anakiweza. Kiingereza kilikuwa kimempa E katika mtihani wa moko, ule wa majaribio, na E yenyewe ilitoka kwenye ushairi. Mke wa Bwana Bhupendra, Mama Anjana, ambaye jengo zima lilimwita Mama Tushar, alikuwa amefundisha fasihi ya Kiingereza kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa miezi miwili alikuwa amemtoa Caroline kwenye E hadi ukingoni mwa B. Zilibaki wiki tatu.

"Kwani huko mnasoma nini cha maana hivyo?" aliuliza Rogath.

"Mamlaka na migogoro katika mashairi ya Kiingereza. Ya zamani na ya sasa."

"Waingereza nao wanagombana kwa mashairi?"

"Wanagombana kwa mizinga, Baba. Mashairi yanakuja baadaye kuhesabu maiti."

"Haya, nipe mfano. Ya jana."

Caroline aliweka kijiko chini. Alipokuwa akieleza jambo analolijua, alikaa wima, na Rogath alipenda kumwona hivyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Kuna mfalme aliyeamuru tarumbeta zipigwe kila anapokaa kula, ili mji wote ujue kwamba anakula. Ukaja mwaka wa njaa, tarumbeta hazikukoma. Mwishowe wapigaji wenyewe wakafa kwa njaa, mmojammoja. Siku hiyo mfalme akala kwenye kimya, na ndiyo mara ya kwanza kusikia meno yake yanavyofanya kazi. Shairi linaishia hapo."

Rogath alikuwa na pande la nyama mdomoni. Aliacha kulitafuna.

"Huyo mama ananisema mimi."

"Baba, hilo shairi lina miaka mia mbili."

"Basi wameanza kunisema mapema."

"Ongeza nyama, Mangi," alisema Elieshi.

Rogath alimtazama. Miaka ishirini ya ndoa alikuwa Baba Caroline. Dukani jina la Mangi lilimpandisha mabega. Mezani kwake, kutoka kinywani mwa mkewe, lilimkaa shingoni kama kola iliyobana. Aliitwa hivyo kesho yake asubuhi alipoombwa hela ya mkaa, akaitwa hivyo Jumapili mbele ya geti la kanisa, watu wakisikia.

Alijaribu njia ya mwenye fedha. Aliajiri mwalimu mwingine, kijana mtanashati kutoka kituo cha tuisheni karibu na Mnazi Mmoja, aje nyumbani kila jioni kwa malipo ya kumfurahisha. Kijana alikuja, akafungua kitabu, akakitazama, akakifunga.

"Ushairi tuuruke," alimwambia Caroline. "Unajua, mashairi kila mtu ana maoni yake. Jibu riwaya."

"Swali la ushairi ni la lazima, mwalimu."

"Lazima kabisa?"

"Kabisa."

Kijana akaomba maji ya kunywa, akazungumza na Rogath kuhusu mpira kwa muda wa kutosha, akaaga. Hakurudi. Wiki moja ilikuwa imekwisha, na Caroline alikuwa amekaa chumbani akisoma shairi lilelile mara kwa mara, kama mtu anayejaribu ufunguo mmoja kwenye mlango usio wake.

Jumamosi Rogath alikwenda Buguruni kwa dada yake, Matilda. Matilda alikuwa mkubwa wake kwa miaka kumi na miwili, naye alimpokea kwa kumwangalia kuanzia viatuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umegombana na nani?"

Rogath alimweleza, akipunguza hapa na kupamba pale. Matilda alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Huyo mzee ulimwambia maneno hayo mbele ya watu?"

"Watu wachache."

"Mjinga wewe." Akainuka, akaingia uani. Kandokando ya ukuta wa uani alikuwa ameotesha masale, mmea ule wenye majani marefu ya kijani ambao kwao Rombo hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo, na makaburini. Alikata jani moja, refu kama upanga, akarudi nalo.

Hapana Mchaga asiyelijua. Ukimkosea mwenzako, ukashindwa kulisema kosa kwa mdomo, unafunga fundo kwenye jani la sale, unampelekea. Akishapelekewa, hakatai. Akikataa, ukoo mzima utauliza amekuwa nani. Kwa jani hilo watu wamesameheana mashamba, wamesameheana wake, wamesameheana hata damu. Na uzuri wake mkubwa, kwa mtu kama Rogath, ni kwamba jani husema lenyewe. Mwenye kosa hafungui kinywa.

"Sikiliza vizuri," alisema Matilda. "Sale halitembei peke yake. Tafuta mtu mzima mwenye heshima zake, alipeleke, aeleze limetoka kwa nani na kwa kosa gani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Alikuwa ameelewa. Njiani alifikiri. Kumtuma mtu mzima ni kumweleza mtu mzima, na mtu mzima huyo ana mke, na mke ana jirani. Kufikia jioni Kariakoo nzima ingejua kwamba Mangi amenyenyekea kwa sababu ya spika. Jumatatu alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, alipanda ngazi mwenyewe kwa kunyata, akalipachika jani na fundo lake kwenye nondo za geti la Mama Anjana, akashuka. Akafungua duka, akawasha spika, akakaa kwenye kiti chake kusubiri kusamehewa.

Aliyeliona kwanza alikuwa Sofia, muuza chai wa chini ya ngazi, aliyekuwa akimpelekea Bwana Bhupendra chupa yake ya kila asubuhi. Yowe lake lilishinda spika, jambo ambalo si dogo.

"Msiguse! Lina fundo! Mama yangu, mtu kamfungia Mama Tushar jani!"

Kariakoo ina watu wa dini zote na makabila yote, na kwa swali la jani lenye fundo mlangoni kwa mtu, wote hao huwa kitu kimoja. Mchuuzi wa soksi alishauri chumvi ya mawe. Dereva wa guta la mizigo alishauri ndimu saba. Mwingine alisema jani la namna ile huota makaburini tu, na kwa bahati mbaya, hapo alikuwa na ukweli kidogo. Kufikia saa sita jani lilikuwa limekua: barabara ya pili walisema ni kifurushi, barabara ya tatu walisema kifurushi kina nywele na kucha za binadamu.

Mama Anjana alitoka, akalitazama, akalichomoa kwa mkono mtupu huku Sofia akijifunika macho. Lilikuwa jani zuri. Akaliweka kwenye glasi ya maji mezani kwake. Lakini saa tisa ilipofika, hakuna mwanafunzi aliyepanda. Sita waliobaki walisimama chini ya ngazi wakiwa na simu masikioni, na kila simu ilikuwa na mzazi akisema neno lilelile: usithubutu.

Sofia alimletea Rogath chai ambayo hakuiagiza.

"Mangi, umeyasikia? Kuna mtu amemloga Mama Tushar."

"Nani?"

"Watu wanasema wewe."

Rogath alishika kikombe bila kunywa. Mambo mawili yalikuwa mbele yake, na hakukuwa na la tatu: ama awe mchawi, ama awe mtu aliyeomba radhi. Akayapima. Ilimchukua muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Hakupewa nafasi ya kuchagua. Mama Anjana hakuwa anaogopa jani, ila aliona mtu amemwondolea darasa, na kwa hilo alipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Bi Maimuna, mwenyekiti, aliwaita pande zote mbili ofisini kwake asubuhi iliyofuata. Ofisi ilikuwa na meza, viti sita, na dirisha moja ambalo kwa siku hiyo lilikuwa na vichwa kumi na kitu. Elieshi na Caroline walikuja. Glasi yenye jani iliwekwa katikati ya meza kama mgeni rasmi.

"Bwana Rogath," alianza Bi Maimuna, "jani hili unalijua?"

"Nalijua."

Dirishani watu walivuta pumzi.

"Uliliweka wewe?"

"Niliweka mimi."

"Ni dawa?"

"Si dawa, Mwenyekiti. Ni sale."

"Sale ndiyo nini?"

Rogath alitazama dari. Alitazama feni. Mwanamume aliyekuwa na uwezo wa kuzungumza kutwa nzima bila kupumua kuhusu beseni alikosa pa kuanzia.

"Sema, Mangi," alisema Elieshi kwa upole wa kutisha.

"Ni mila yetu. Kwetu mtu akimkosea mwenzake, anampelekea hilo. Basi. Yanaisha."

"Akimkosea," alirudia Mama Anjana. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani, na alitamka kila neno kama anayesahihisha. "Kwa hiyo wewe ulikosea."

"Jani ndilo linalosema."

"Limekaa kwangu tangu jana, halijasema kitu. Nilidhani ni pambo."

Dirisha likacheka. Bi Maimuna akagonga meza kwa kalamu. "Bwana Rogath, muungwana akivuliwa nguo huchutama. Chutama tumalize, nina kesi ya taka hapa."

Rogath alimtazama binti yake. Caroline hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kitabu chake kifuani kwa mikono miwili, amekaa wima; na Rogath akaona kwamba katika chumba chote hiki, mtu ambaye hakumkosea mtu ndiye aliyekuwa akilipa.

"Nimekukosea, Mama Tushar."

"Si mimi. Aliyeshuka ngazi alikuwa nani?"

Rogath akageuka kwenye kiti. Bwana Bhupendra alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya mkongojo.

"Mzee wangu," alisema Rogath kwa sauti ya chini, "nilikudharau mbele ya watu. Nisamehe."

Bwana Bhupendra aliinamisha sikio. "Sema tena, mwanangu. Tangu ununue ile spika sisikii vizuri."

Vicheko vilijaa hadi barabarani. Rogath alisimama, akavuta pumzi, akayasema tena kwa sauti ile ya kuuzia mabeseni, kwamba alimdharau mzee aliyemzidi umri mbele ya wateja, na kwamba anaomba radhi. Mchuuzi wa soksi alisema baadaye kwamba aliyasikia akiwa ng'ambo ya barabara, neno kwa neno.

"Imekwisha," alisema Bwana Bhupendra. "Na mimi nilitamani kucheka siku ile. Ni kweli natumwa sana."

Caroline alishusha kitabu. Lakini Mama Anjana alikuwa ameinua kidole.

"Nami nimesamehe, na mtoto aje leo. Spika lakini sitaki izimwe."

Watu wote wakamtazama.

"Iache vilevile, sauti ileile. Ila Bwana Rogath naye apande leo, akae darasani kwangu. Akisikia ninachofundisha, basi mwenye kosa nilikuwa mimi."

Saa tisa alasiri Mangi alipanda ngazi mbele ya mtaa mzima. Sofia alisimama kwa heshima. Wanafunzi sita, walipomwona mchawi mwenyewe akitangulia, walifuata bila wasiwasi.

Darasa lilikuwa sebule: mabenchi manne, ubao, picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu, iliyovishwa shada la maua ya manjano, na dirisha lililofunguka sawasawa juu ya ndoo za bluu. Rogath alipewa benchi la nyuma. Vijana walimwamkia, akaitikia marahaba, akakunja mikono. Mama Anjana alianza kufundisha. Rogath aliona midomo yake ikienda. Kutoka chini Rogath mwingine aliwaita akina mama na akina dada, akawaonya wasimlaumu kesho. Katika miaka yote ya biashara hakuwahi kujisikiliza akiwa mteja. Yule mtu wa chini hakuwa anapumua. Hakuwa anamwachia mtu nafasi hata ya kusema nimekuja. Na kontena lake, ukilisikia mara nyingi mfululizo, lilikuwa uongo wa wazi kabisa.

Rogath alinyoosha kidole. "Mwalimu, naomba ruhusa."

"Ya nini?" Mama Anjana aliuliza kwa kupaza sauti.

"Kwenda chini. Kuzima."

"Nenda. Urudi."

Alishuka, akazima. Angeweza kubaki huko. Duka lilikuwa lake, na wateja walikuwapo. Akapanda tena, akahema kidogo mlangoni, akarudi kwenye benchi lake. Kimya kilichoingia dirishani hakikuwa kimya hasa, kwa kuwa yule wa ng'ambo alikuwa na spika zake mbili, lakini kelele hizo zilitoka kwa umbali ambao mwalimu mzoefu huweza kuushinda.

"Sasa," alisema Mama Anjana, "shairi la leo ni la sasa. Nalieleza kwa Kiswahili kwa ajili ya mgeni wetu. Askari ameingia kijijini na bunduki. Anafika kwenye nyumba ya bibi kizee, anasimama katikati ya chumba. Bibi anafagia. Hamwamkii, hamfukuzi. Anafagia mpaka anafika alipo askari, anamwambia: inua mguu. Askari anainua. Bibi anafagia pale, anaendelea. Shairi limekwisha. Swali la mtihani ndilo hili: mwenye nguvu hapo ni nani?"

Kidole cha kwanza kilikuwa cha Rogath.

"Askari," alisema.

"Sababu?"

"Ana bunduki, mwalimu. Bibi ana ufagio."

"Kwa nini basi ameinua mguu?"

Rogath alifikiri. Alifikiri kwa dhati, uso umekunjamana kama anayepiga hesabu ya bei ya jumla kichwani, na vijana wakageuka kumtazama.

"Labda ana adabu," alisema.

"Askari aliyevamia kijiji?"

"Basi sijui, mwalimu."

"Kaa chini, usikilize wanaojua. Caroline, njoo mbele utueleze."

Rogath akakaa. Caroline aliinuka kutoka mwisho wa benchi la ukutani. Njia ya kupita ilikuwa nyembamba, na baba yake, akiwa bado anamtafakari yule askari, alikuwa amenyoosha miguu mpaka inagusa benchi la mbele. Caroline akafika, akasimama.

"Baba, miguu."

Rogath akainua miguu.

Darasa zima liliangua kicheko, na kikohozi cha Bwana Bhupendra kikasikika kutoka jikoni. Rogath, miguu bado hewani, aliwatazama mmojammoja akitafuta kilichowachekesha. Na Caroline akapita, akaenda ubaoni, akachukua chaki.